Vitambaa Havijaanikwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimekamua, nimefagia, nimemwogesha Marwa, nimetoka. Zahanati imejaa, siku ya kupima watoto. Marwa amepungua kidogo. Meno.

Nesi ni mpya, ametoka Singida. Akauliza jina la mume. Nikamwambia sina mume, nimeolewa na mwanamke. Kalamu ikasimama. Ikabidi nimweleze taratibu. Mama Wankuru hakupata mtoto wa kiume. Mumewe akafa. Akapeleka ng'ombe kwa baba yangu kijijini Itiryo, akanioa mimi, nizae kwa ajili ya boma lake hapa Nyanungu. Watoto wangu ni wake. Kwetu tunaita nyumba ntobhu. Akauliza, na baba yao je? Nikasema kuna Chacha, anakuja akitoka Kenya. Alikuja Krismasi, akaondoka. Nesi akaandika maneno mengi kwenye kile kimstari kifupi. Sijui aliandika nini.

Nimechomwa sindano ya tatu ya kuzuia mimba.

Nilimuuliza jambo linalonisumbua. Sijaona siku zangu tangu mwezi wa kumi na moja. Mwanzoni baada ya sindano ya kwanza zilikuja ovyo, matone leo, matone wiki ijayo. Halafu kimya kabisa. Ghati jirani yangu anasema damu isiyotoka inaganda tumboni, inakuwa jiwe. Nesi hakucheka. Akachora nyuma ya karatasi. Kila mwezi yai moja linaiva na kutoka. Mfuko wa uzazi nao unajitandikia, kama mtu anayengoja mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko yanatolewa. Hiyo ndiyo damu. Sindano inalituliza yai, haliivi, halitoki. Na mfuko hautandiki kama zamani.

"Hakuna kilichokwama, dada. Hakuna kilichotandikwa."

Nikauliza kama mayai yanaisha. Akasema hapana, yapo, yamelala. Ila ukiacha sindano hayaamki kesho yake. Inaweza kuchukua miezi mingi, wengine karibu mwaka.

Karatasi nimeichana njiani. Kadi nimemwachia nesi. Nirudi tarehe 27 Mei.

Mama Wankuru hajui. Nilipomzaa Marwa damu haikukata. Nilikuwa nasikia watu wanaita jina langu kutoka mbali, na walikuwa wamenishika mikono. Nina miaka ishirini na nne. Sitaki kufa nikaacha watoto watatu.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimeinua dumu niende mtoni. Mama akalichukua mkononi mwangu. Alikwenda mwenyewe, na goti lake lile bovu. Alirudi jua limeshapanda, kitenge kimelowa mgongo mzima.

Nimekaa kwenye kigoda kama mgeni. Sijui nimekosa nini.

Jumamosi, 16 Machi

Sasa najua.

Ghati amekuja kuomba moto. Akanitazama tumbo, akacheka, akasema, kumbe wewe ni msiri hivyo. Nikamuuliza siri gani. Akasema Mama ameshawaambia wanawake wa kanisani. Kwamba mimi, Bhoke, nina mimba.

Mama amekuwa akihesabu vitambaa vyangu vya mwezi. Vile ninavyovifua na kuvianika nyuma ya jiko. Anajua mwili wangu kuliko mimi. Kwa Rhobi, mtoto wangu wa kwanza, siku zangu zilirudi akiwa na miezi minne. Kwa Nyangi, mitano. Marwa sasa ana minane na kamba ni tupu. Chacha alikuja Krismasi. Kwa mwanamke wa umri wake hakuna hesabu nyingine.

Nilipaswa kusema palepale. Nilisema nini? Nilisema, mh.

Kuna mwanamke wa upande wa pili wa bonde, naye alikuwa kwenye nyumba ntobhu. Walipojua anazuia uzazi walimrudisha kwao. Alirudi na sanduku tu. Watoto walibaki, ni wa boma. Huwa namwona sokoni. Anaangalia watoto wa wenzake mpaka wanaona aibu.

Jumatatu, 25 Machi

Mama amekwenda Machochwe kwa binti yake. Ndiye mtoto pekee aliyemzaa, ameolewa huko karibu na hifadhi. Mama hapendi kwenda, anasema tembo wanakula mahindi ya watu na hakuna anayewauliza. Leo ameenda bila kulalamika. Amevaa kile kitenge cha njano.

Amekwenda kutangaza.

Nyumba imetulia. Watoto wamelala mchana. Ninaandika kwenye daftari la zamani la Rhobi, kurasa za nyuma alizoziruka. Watu watano tunakaa boma hili na sina hata mmoja wa kumwambia neno hili. Rhobi ana miaka saba. Ng'ombe nao hawajibu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mama amenipikia uji wa wimbi, ameweka maziwa mengi. Alikaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Kisha akashika miguu yangu akaikanda, kwa mafuta ya ng'ombe, kidole kimoja kimoja. Mikono yake ni migumu kama kwato.

Kwa mama yangu mzazi sikukandwa miguu. Kwa Chacha ndiyo usiseme.

Niandike ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilifurahi. Nilifumba macho nikatamani iwe kweli. Siyo mimba, mimba siitaki. Nilitamani niwe mtu anayekandwa miguu bila kuwa na kitu tumboni.

Jumanne, 9 Aprili

Nilijaribu kusema. Tulikuwa tunapalilia. Nikasema, Mama, kuna jambo. Akasema najua, umechoka, nenda ukakae kivulini.

Nikaenda nikakaa kivulini.

Ijumaa, 19 Aprili

Ameweka kiganja tumboni kwangu mbele ya watoto. Anasema huyu amelala upande wa mgongo, ndiyo maana hajaonekana. Anasema ni wa kiume. Ataitwa Mwita, jina la marehemu mumewe. Marwa tulimpa jina la baba mzazi wa marehemu, kwa hiyo Mwita alikuwa bado anasubiriwa.

Rhobi ameuliza Mwita atalala wapi. Mama akasema kwangu. Nyangi naye akaanza kulia, hapo kwa bibi ndipo anapolala yeye. Wakacheka wote. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu nimeingia boma hili, miaka minane, sijamwona akicheka hivyo.

Sasa mtoto ana jina. Nimechelewa.

Tumbo langu ni lilelile. Nimeanza kufunga kitenge kwa kulegeza. Najidharau.

Alhamisi, 2 Mei

Niandike haraka kabla sijasahau yalivyofuatana.

Asubuhi nilikuwa nachambua mchicha. Niliposimama Mama akapiga kelele. Damu kwenye kigoda. Siyo nyingi, doa la ukubwa wa mdomo wa kikombe. Ni yale matone ya ovyo, nesi alinionya kwamba yanaweza kurudi wakati wowote, hata baada ya miezi ya ukavu. Mimi nilijua papo hapo. Mama hakujua.

Alinilaza chini. Alikimbia barabarani, na goti lile, akasimamisha pikipiki. Tukapakiwa wote wawili, mimi katikati. Njia nzima alikuwa amenikumbatia kwa nyuma na anasali, Kikurya na Kiswahili vimechanganyika. Nilikuwa nahisi moyo wake mgongoni kwangu.

Nesi alimwomba Mama asubiri nje. Alinipima mkojo, akapima presha, akanikagua. Mimba hakuna, hatari hakuna. Matone ya sindano. Akaniambia yakizidi au yasipokata nirudi. Halafu akakaa kitandani kando yangu.

"Huyo mama yupo nje analia. Nimwambie nini?"

Nikasema usimwambie.

Akasema ni haki yangu, hawezi kusema bila ruhusa yangu. Lakini alinitazama. Alitoka akamwambia Mama neno moja tu, kwamba mimi ni mzima. Basi. Hakudanganya.

Mama akaelewa alivyoelewa. Mzima mimi, mtoto hapana. Alivua kitambaa chake cha kichwa akakishika mkononi mpaka nyumbani.

Ijumaa, 3 Mei

Kitenge nilichokuwa nimevaa jana hakipo. Rhobi amenionyesha. Bibi amechimba nyuma ya ghala, akakizika huko, akaweka mawe matatu juu.

Wanawake wanakuja kutoa pole. Wanakaa, wananiambia bado kijana, Mungu atakupa mwingine. Mmoja ameleta yai la kuku, la kunirudishia nguvu. Nimepokea. Nimepewa pole ya mtu ambaye hakuwepo.

Ghati alibaki nyuma wengine walipoondoka. Yeye nilikuwa nimeshamwambia, wiki iliyopita, nilishindwa kubeba peke yangu. Akaninong'oneza, Mungu amekufungulia mlango, pita. Usifungue mdomo. Mimba imetoka, imekwisha, nani atakuuliza? Utapumzika mwaka mzima kwa huruma.

Amesema kweli. Ni rahisi hivyo. Sihitaji hata kudanganya. Ninyamaze tu.

Jumapili, 5 Mei

Mama hajala tangu Alhamisi. Ugali unarudi kama ulivyokwenda.

Kanisani hakwenda. Alikaa karibu na yale mawe. Nilimpelekea maziwa ya mgando. Bila kunitazama akaanza kusema, kwa sauti ndogo, kwamba kosa ni lake. Jumanne aliniacha nibebe kuni. Aliona nabeba, alitaka kunikataza, akachoka, akanyamaza. Yeye ndiye amemwua Mwita. Akasema boma hili lilimkataa tangu akiwa msichana na sasa kukataliwa kumemfuata mpaka kwangu.

Nilisimama na kibuyu mkononi.

Kukaa kimya juu ya mwili wangu, hiyo naweza. Mwili ni wangu. Lakini siwezi kumwacha mtu mzima abebe kifo ambacho hakikutokea.

Kesho. Nikiahirisha tena sitasema milele.

Jumatatu, 6 Mei

Nimesema.

Zizini, asubuhi, Rhobi alikuwa ameshakwenda shule. Mama alikuwa amechuchumaa anakamua. Sikumsubiri ainuke.

"Mama, hakukuwa na mtoto."

Akaendelea kukamua. Nikarudia. Nikasema hakuna aliyekufa, siyo kuni, siyo wewe. Nachomwa sindano, tangu mwezi wa tisa. Inalaza yai na inazuia damu. Vitambaa havikuanikwa kwa sababu ya sindano.

"Na ile damu?"

"Nayo ni ya sindano."

"Nani alikuruhusu?"

"Mimi."

Maziwa yakaacha kulia ndani ya kibuyu. Ndama akasogea akaanza kunyonya na hakuna aliyemzuia. Nikasema, siku ya Marwa ulikuwepo. Uliona. Sikatai kukuzalia. Nakataa kufa. Marwa akikua, nikipata nguvu, tutazungumza. Kabla ya hapo hapana.

Aliinuka kwa kushika mgongo wa ng'ombe. Alisema jambo moja tu.

"Nilishamtaja jina."

Akaenda.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya tano hasemi nami. Akitaka kitu anamwambia Rhobi, na mimi nimekaa hapohapo. Mwambie mama yako kuni zimeisha. Mwambie mama yako ndama amefunguka. Rhobi ananiambia, kama vile sina masikio.

Mawe matatu ameyaondoa. Kitenge hakukifukua.

Leo amemtuma mtu Itiryo. Amemwita baba yangu.

Jumanne, 14 Mei

Nimefua nguo zote za watoto. Nimezikunja. Sijui kwa nini. Nikiondoka sitaondoka nazo.

Marwa amesimama leo. Alishika kigoda, akaachia, akasimama kwa muda wa kuhesabu vidole vitatu hivi, akaanguka kwa makalio. Alinitafuta kwa macho nimpigie makofi. Nikampigia.

Ghati haji. Amekasirika kwamba sikufuata ushauri wake, au anaogopa kutajwa. Vyovyote.

Jumamosi, 18 Mei

Baba amekuja. Nilimwamkia shikamoo akaitikia akiangalia pembeni. Alikaa nje na Mama, mimi nikaambiwa nikae chini karibu na mlango.

Alianza kunigombeza kabla hajaulizwa. Nimemwaibisha, ng'ombe wa Mama ndio walimwoza kaka yangu, sasa nataka nini, ndoa ya kaka ivunjwe? Kwamba shule ndiyo iliyoniharibu. Nimesoma mpaka kidato cha pili tu, sijui kiliharibu nini. Akasema ananichukua leo, akanifunze adabu, na watoto wabaki kwa mwenyewe.

Sikulia. Nilikuwa nimeshalia Jumanne. Nikasema nitakwenda nikifukuzwa, lakini sindano nitarudi kuchomwa hata kama ni kutoka Itiryo kwa miguu. Baba akainua fimbo.

Mama akasema, ishushe.

Kisha akamsimulia. Sikujua kama aliyakumbuka yote. Alimweleza siku ya Marwa, godoro walivyolitupa, alivyoshika kichwa changu na mkunga akisema mwacheni, huyu anaondoka. Alivyoniita kwa jina la mama yangu akidhani nitaitika hilo. Baba alikuwa anachora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo umeniitia nini?" akauliza. "Si nimchukue?"

"Sikukuita umchukue. Nimekuita umwambie mtoto wako asinifiche. Mimi nikimwambia analia, nami siwezi kuona."

Baba akanigeukia. Akasema, usimfiche. Ilikuwa kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Nikasema sitaficha tena. Lakini tarehe 27 naenda zahanati, na ninasema hapa mbele yenu, ili nisihesabiwe kwamba nimeficha.

Mama akamwita Rhobi alete ugali.

Baba ameondoka saa tisa. Hakuniaga.

Jumatano, 22 Mei

Mama ananisemesha sasa, maneno ya kazi. Lete. Funga. Anika. Miguu yangu hajaishika tena na hataishika. Hiyo ilikuwa ya Mwita.

Nimekubali. Ila naikosa.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda. Marwa nilimwacha kwa Mama, alimpokea bila kuuliza naenda wapi. Nesi akauliza kama yule mama bado analia. Nikasema hapana, alishajua. Akanichoma bega la kushoto. Nikarudi taratibu, barabara tope, sikukutana na mtu.

Mchana tulikaa kuchambua maharage, ungo mmoja, mimi upande huu yeye upande ule. Watoto wakubwa walikuwa kwa jirani. Tulichambua kwa muda mrefu.

Akauliza, bila kuinua uso, hiyo sindano inafanyaje. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Yai. Mfuko unaojitandika. Mgeni asipokuja, matandiko yanatolewa. Sindano inalilaza yai, na siku nikiacha litaamka, pole pole. Alisikiliza yote. Aliniuliza mara mbili kuhusu matandiko.

"Kwa hiyo damu ya kila mwezi," akasema, "mwanamke anakuwa ametandika."

"Ndiyo, Mama."

Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Mimi nilizaa yule mmoja tu. Halafu miaka ishirini na kitu, kila mwezi naona damu. Walisema tumbo langu linakataa watoto. Nami nikaamini, kwamba mimi ndiye ninayewakataa." Akageuza maharage kwa kiganja. "Kumbe nilikuwa natandika."

Ningeweza kumwambia kwamba nesi angeweza kujua, kwamba labda lilikuwa yai, labda ilikuwa mumewe, labda kitu kidogo tu. Lakini wakati wake hakuna aliyemwangalia, na sasa amezeeka.

Nikasema, "Ulitandika, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Kenya. Tuliendelea mpaka matone ya kwanza, kisha tukashika ungo, yeye huku mimi huku, tukauingiza ndani.